Toa Uzito wa Gunia

Nilifika Pongwe saa nne, pikipiki imelowa matope,
begani mkoba wa dawa, kwapani dodoso
lenye maswali kumi na moja na visanduku vyake.
Mwanahawa akanisogezea kigoda.
"Baba yu macho," akasema. "Leo ana maneno."

Mzee Semkiwa, karani wa mizani,
miaka thelathini na moja kwenye ghala la katani,
marobota yakipita mbele yake kama ng'ombe wa josho
naye akiandika: mia mbili hamsini,
mia mbili arobaini na tisa,
hili limelowa, lirudi juani.
Sasa mwenyewe yuko godoroni,
amebaki mbavu na macho
na kalamu sikioni. Ndiyo, kalamu. Hakukubali itolewe.

Nikasoma kama nilivyofundishwa, bila kuongeza neno:
kwa siku tatu zilizopita, maumivu yako yamekuwa kiasi gani?
Sifuri, hakuna. Tano, hayavumiliki.
Akanitazama
kama mtu aliyekamatwa na jiwe ndani ya robota.
"Mizani yako nani kaikagua?
Mimi kila asubuhi, kabla ya robota la kwanza,
naitazama ikiwa tupu, mpaka mshale utulie.
Hiyo yako umeitazama tupu lini?"

Nikanyamaza. Akanihurumia.
"Haya, andika tatu. Lakini toa uzito wa gunia."
"Gunia lipi, mzee?"
Akajigusa kifuani, mfupa juu ya mfupa.
"Hili. Hili ni la kuazima, litarudishwa.
Kinachoniuma kimo ndani, wala si kikubwa:
binti yangu ndiye anayeniosha."

Dodoso halina swali la kuoshwa na binti.
Lina la nane, *una wasiwasi?*
Nikaweka nne,
ikakaa kisandukuni kama kuku aliyefungwa miguu.

Jioni nikampigia Hoza, mpwawe, dereva wa trekta Korogwe.
Jumamosi akaja na sabuni yake na kopo lake,
akafunga mlango. Tukawasikia wanacheka.

Machi, mofini ikachelewa njiani.
Fomu inauliza: siku ngapi? Nikaandika mbili.
Mjini ile mbili ikajumlishwa na za wengine,
ikagawanywa, ikatoka sifuri nukta nne,
mstari wa kijani kwenye ukuta wa ofisi.
Hakuna aliyedanganya.
Ila ndani ya ile mbili mlikuwa na mzee
aking'ata ncha ya shuka
majirani wasimsikie akimwita mama yake.

Chupa ilipofika nilimpimia mwenyewe,
mililita tano,
nikaliinua bomba kwenye mwanga wa dirisha.
Akafumba jicho moja, tukausoma mstari pamoja.
"Hapo," akasema. "Hapo umepima."

Fomu ya mwisho huulizwa jamaa, wiki sita baada ya mazishi.
Mwanahawa alikuwa anachambua mchele.
Kwa jumla, huduma ilikuwaje?
Mbaya, ya wastani, nzuri, nzuri sana.
Akatupa chuya mbili, tatu.
"Usiku ule alilala ubavu wa kushoto,
ubavu wa uvimbe. Tangu Idi hakuwahi kuulalia.
Nikamsikia anakoroma, nami nikalala,
mie, ambaye nilikuwa nasinzia kwa kuegemea mlango.
Andika hapo, popote panapoingia."

Hapakuingia popote. Nikaandika pembeni,
herufi ndogo, zikapanda ukingo wa karatasi
mpaka zikafika kwenye tundu za faili.
Bwana takwimu akasema pembeni hapasomwi na mfumo.
Najua, nikamwambia. Acha tu.

Kesho ni Chumbageni, mama mmoja, koo.
Sijui jina lake bado.
Nimeitoa fomu yake mkobani
na kuiweka mezani ikiwa tupu,
naitazama.
Nangoja mshale utulie.